Betri ya National na Somo Lake kwa Delta ya Rufiji

Kila masika yanapokaribia, maneno huwa mengi hapa kwetu juu ya maji. Wakulima wa mabondeni hutazama mto. Wavuvi wa Salale, Mbwera na Kiongoroni hutazama upepo. Na maofisa wa Kibiti na Rufiji hutayarisha matangazo ya tahadhari. Hata hivyo kuna jambo moja lisilozungumzwa kiasi cha kutosha, nalo ni hili: tahadhari hiyo itamfikia mwananchi wa kisiwani kwa chombo gani, na chombo hicho kitakuwa hai siku itakapohitajika? Leo tunawaomba wasomaji wetu waturuhusu tulijibu swali hilo kwa kupita njia ya mbali kidogo, yaani historia ya kampuni moja ya Kijapani ambayo jina la bidhaa zake lilikuwa likitajwa katika maduka ya pwani yote.

Kampuni hiyo ni Matsushita, na jina la bidhaa zake lilikuwa National. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Redio ya National na betri ya National vilikuwa vitu vya kawaida nyumbani, kama jembe na wavu. Vijana wanaijua kampuni hiyo hiyo kwa jina la Panasonic, ambalo ililichukua rasmi tarehe 1 Oktoba 2008 ilipoacha jina la mwanzilishi wake. Ni vyema tuseme mapema kwamba hatukusudii kuisifu biashara ya mtu. Tunachotafuta ni somo, na somo halina uraia.

MTOTO WA DUKANI

Konosuke Matsushita alizaliwa tarehe 27 Novemba 1894 katika mkoa wa Wakayama, nchini Japani. Baba yake alipoteza mali yake katika biashara ya mchele, na mtoto akalazimika kuacha shule akiwa na umri wa miaka tisa tu. Alipelekwa mjini Osaka kuwa mtumishi katika duka la majiko ya mkaa, kisha katika duka la baiskeli. Mwaka 1910 aliingia katika kampuni ya umeme ya mji huo. Tarehe 7 Machi 1918, akiwa kijana wa miaka 23, alianzisha karakana yake mwenyewe pamoja na mkewe Mumeno na shemeji yake Toshio Iue, ambaye baadaye alikuja kuanzisha kampuni ya Sanyo. Walianza na vitu vidogo kabisa: plagi na soketi za taa.

Kilichoikuza karakana hiyo kilikuwa ni taa ya baiskeli. Taa za betri za wakati ule ziliwaka kwa saa mbili au tatu tu, kisha zikazimika na kumwacha mwenye baiskeli gizani. Mwaka 1923 Matsushita alitengeneza taa yenye umbo la risasi, iliyoweza kuwaka kwa muda wa kati ya saa 30 na 50. Wenye maduka hawakumsadiki. Walikwisha kudanganywa mara nyingi na taa za betri, nao hawakutaka kudanganywa tena. Basi hakubishana nao. Aliziacha taa madukani, moja ikiwa imewashwa, akawaambia waitazame wenyewe itawaka kwa muda gani, na wasilipe chochote mpaka wajiridhishe. Taa iliwaka kama alivyosema, na maagizo yakaanza kuja.

Mwaka 1927 alitoa taa nyingine ya mraba, na hiyo ndiyo iliyopewa kwanza jina la National. Safari hii aligawa taa 10,000 bure ili watu wazijaribu. Alimwendea mtengenezaji wa betri akamwomba betri 10,000 bila malipo, kwa ahadi ya kuuza betri 200,000 kabla ya mwaka kwisha. Na zilipouzwa, zilipita 400,000. Tunayataja mambo haya kwa sababu moja. Mtu huyu alijua kwamba mwananchi aliyekwisha kuvunjwa moyo na chombo kibovu harudishwi na tangazo zuri. Hurudishwa na chombo kinachofanya kazi mbele ya macho yake.

REDIO ISIYOHARIBIKA

Mwaka 1930 kampuni hiyo iliingia katika biashara ya redio, na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Redio za kwanza zilirudishwa kwa wingi na wateja wenye hasira. Zilipochunguzwa, ilionekana kwamba nyingi zilikuwa na kasoro ndogo tu: skrubu imelegea, au valvu imesogea mahali pake. Wenye duka hawakuwa mafundi, hivyo hawakuweza kuzirekebisha. Wapo waliomshauri Matsushita auze redio zake kwa mafundi peke yao. Yeye akakataa. Alisema, kwa maana na si kwa maneno haya, kwamba redio ni ya watu wote. Basi itengenezwe redio isiyoharibika ovyo, badala ya kutafutwa mnunuzi aliye fundi. Mtaalamu wake Tetsujiro Nakao aliifanya kazi hiyo kwa muda wa miezi michache, na mwaka 1931 redio yao ya valvu tatu ikapata tuzo ya kwanza katika mashindano yaliyoandaliwa na shirika la utangazaji la Japani.

Mwaka uliofuata Matsushita alinunua haki za uvumbuzi ambazo zilikuwa zikiwazuia watengenezaji wengine wa redio, kisha akawaachia wote wazitumie bure. Mwaka huo huo wa 1932, tarehe 5 Mei, aliwakusanya wafanyakazi wake akawaeleza falsafa iliyokuja kujulikana kwa mfano wa maji ya bomba. Mpita njia akinywa maji kwenye bomba la mtu hakuna anayemgombeza, kwa sababu maji ni mengi. Kazi ya kiwanda, alisema, ni kuvifanya vitu vinavyohitajiwa na watu viwe vingi na rahisi kama maji hayo.

Sisi watu wa Rufiji tunaweza kuutazama mfano huo kwa jicho letu. Hapa kwetu maji ni mengi kupita kiasi, lakini wapo watu wa delta wanaozungukwa na maji ya chumvi pande zote huku wakisafiri kwa mtumbwi kutafuta maji ya kunywa. Wingi wa kitu si dawa ikiwa hakuna bomba la kukifikisha. Neno hili tutalirudia.

Hatuna haja ya kukaa sana katika miaka ya vita. Kampuni iliingizwa katika uzalishaji wa kijeshi, na baada ya mwaka 1945 wakuu wa majeshi yaliyoikalia Japani waliiwekea vikwazo, pamoja na amri ya kumwondoa mwanzilishi wake. Chama cha wafanyakazi ndicho kilichokusanya saini kumtetea. Walikumbuka kwamba wakati wa mdodoro wa uchumi wa 1929, Matsushita alipunguza uzalishaji kwa nusu lakini hakumfukuza mfanyakazi hata mmoja wala hakukata mshahara. Aliwaomba tu wasaidie kuuza bidhaa zilizojaa ghalani.

Jambo moja la mwaka 1952 linastahili kusomwa na maofisa wetu wanaokaa mezani kupatana na wageni. Matsushita alihitaji ujuzi wa kampuni ya Philips ya Uholanzi. Wenzake wa Philips walitaka malipo ya ujuzi wao, na hatimaye wakakubaliana asilimia 4.5. Lakini Matsushita naye alidai alipwe asilimia 3 kwa kazi ya kuongoza kampuni yao ya ubia, kwa hoja kwamba ujuzi bila uongozi wa wenyeji hauzai kitu. Philips walishangaa, kisha wakakubali. Mwenye shida hakujifanya mnyonge.

NATIONAL YAJA DAR ES SALAAM

Mwaka 1961 kampuni hiyo ilifungua nchini Thailand kiwanda chake cha kwanza cha ng'ambo baada ya vita. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ikaja Dar es Salaam, ikaanzisha kampuni ya Matsushita ya Afrika Mashariki na kutengeneza betri kavu na redio. Taifa letu lilikuwa changa, na umeme ulikuwa mijini tu. Mtu akitaka kusikia sauti ya nchi yake akiwa Muhoro au Mbuchi, hakuwa na njia nyingine ila redio ya betri.

Yafaa ikumbukwe kwamba redio za zamani za valvu zilikula umeme mwingi. Huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949 ilitolewa redio ya valvu ya betri kwa ajili ya Waafrika, iliyouzwa kwa pauni 5, fedha nyingi kwa mkulima wa wakati ule. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyoleta mabadiliko. Redio ikawa ndogo, ikaweza kubebwa begani au kufungwa kwenye baiskeli, na betri chache zikaitosha kwa wiki kadhaa.

Wakati huo huo sauti yenyewe ilikuwa imekua. Utangazaji ulioanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam ulikuwa umefikia kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Serikali iliitumia redio hiyo kuwafundisha watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza kote nchini. Walikaa pamoja wakaisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kampeni hizo zilisimama juu ya nguzo nne: mtangazaji, redio, betri, na kiongozi wa kikundi kijijini. Nguzo moja ikianguka, nyingine tatu zilikuwa kazi bure.

Nguzo ya betri ndiyo iliyokuwa na safari ngumu kuliko zote. Kutoka Dar es Salaam mzigo ulishuka kwa lori hadi Kibiti. Uliokwenda visiwani ulitelemshwa Nyamisati, ukapakiwa katika mashua na kungoja maji kujaa, maana katika vijito vya delta saa ya safari huamuliwa na bahari. Uliokwenda ng'ambo ya mto ulifika hapa Ndundu ukangoja pantoni. Wasafiri wa kusini wanaikumbuka Ndundu ya siku hizo: mto ukifurika, pantoni husimama, na foleni ya magari hukaa siku na siku. Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia mita 970, ndilo lililokomesha adha hiyo lilipofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, mtu wa kusini mwa mto aliweza kukosa betri si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu mto umekataa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata wa kaskazini walikosa. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilipungua, viwanda vikakosa malighafi, na bidhaa nyingi zikaadimika. Watu walianika betri juani wapate saa moja zaidi ya taarifa ya habari. Waliokuwa wakifanya hivyo hawakuwa wajinga. Betri kavu ni kikopo cha zinki chenye ujiti wa kaboni katikati na unga mweusi wenye unyevu kuuzunguka. Joto huamsha kidogo kilichobaki ndani. Lakini zinki ikishaliwa, kikopo hutoboka, majimaji hutoka, na redio yenyewe huharibika. Redio zilikuwepo, mtangazaji alikuwa akisema, lakini nyumba ilikuwa kimya.

HALI YA LEO

Yapo watakaotuambia kwamba hayo yote yamepita, kwani siku hizi kila mtu ana simu. Hatuipingi simu, imeleta manufaa makubwa, na mvuvi anaweza kuuliza bei ya kamba kabla hajapakua. Lakini simu nayo inataka kuchajiwa, na mnara wake unataka umeme. Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri zake au jenereta mpaka akiba iishe. Aliyepo katikati ya mikoko, katika msitu mkubwa wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, anajua mahali ambapo simu hushika na mahali ambapo haishiki. Mtoa tangazo aliye ofisini hana habari ya mahali hapo.

Mwaka 2024 ulitupa mtihani mara tatu. Mwezi Aprili mafuriko yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Serikali ilieleza kwamba chanzo ni mvua kubwa; wananchi nao waliuliza juu ya maji yanayofunguliwa katika bwawa la umeme la Julius Nyerere lililo juu yetu. Mwezi Mei, tarehe 4, kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, nayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku hiyo aliyekuwa na redio yenye betri aliendelea kusikia.

Hatusemi kwamba hakuna aliyeonywa. Tunasema kwamba onyo huhesabiwa mahali linapopokelewa, si mahali linapotolewa. Barua iliyotoka wilayani imetimiza wajibu wa mwandishi wake. Haijatimiza wajibu kwa mama wa kisiwani ambaye mpunga wake umeiva na mtumbwi wake uko kwa jirani. Hapo ndipo mfano wa maji ya bomba unaporudi. Taarifa za hali ya hewa leo ni nyingi kama maji ya mto, lakini bomba la kuzifikisha Kiongoroni ni jembamba, na pengine limekatika bila mtu kujua.

MAMBO TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo tunatoa rai yetu kwa viongozi wa wilaya zote mbili, kwa wasimamizi wa bwawa na kwa wenye vituo vya utangazaji.

Kwanza, katika miezi ya masika pawepo taarifa ya mto redioni, kila siku, saa isiyobadilika. Itaje kina cha maji, itaje kama milango ya bwawa imefunguliwa, na ivitaje vijiji kwa majina. Neno "wakazi wa mabondeni" halimwambii mtu wa Mbuchi kwamba ni yeye anayeambiwa.

Pili, ofisi ya kila kijiji cha visiwani iwe na redio moja imara, yenye betri za akiba na kipande cha sola, na awepo mtu mwenye jukumu la kuisikiliza na kupitisha neno misikitini, shuleni na bandarini. Vikundi vya Mtu ni Afya havikuhitaji fedha nyingi. Vilihitaji utaratibu.

Tatu, masafa ya vituo yapimwe katika delta yenyewe. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kituo kinachosikika vizuri kandokando ya barabara ya lami huenda kisisikike kabisa mdomoni mwa mto. Ofisa achukue redio, apande mashua ya Nyamisati, asikilize.

Nne, betri zilizokufa zisitupwe vijitoni. Mahali wanapozaliwa kamba na samaki wetu si jalala la zinki na madini mengine. Duka linalouza betri liwe na debe la kupokea zilizokwisha, na halmashauri izikusanye pamoja na mzigo unaorudi bara.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, mfumo mzima ujaribiwe kabla ya mvua. Matsushita aliiacha taa ikiwaka dukani ili wenye shaka waihesabu saa zake wenyewe. Viongozi wetu nao wana wananchi wenye shaka, watu waliokwisha kuambiwa mengi na kufikiwa na machache. Basi na wachague siku moja mwezi Februari, tangazo la majaribio litolewe, kisha wapite kisiwa hadi kisiwa kuuliza: mmelisikia? Pale jibu litakapokuwa hapana, ndipo kazi ianzie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliye tayari kuinama mwezi Februari hatalazimika kuokoa watu juu ya mapaa mwezi Aprili.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, mna sehemu yenu. Redio ya babu iliyowekwa juu ya kabati isigeuzwe pambo. Ipelekeni kwa fundi, ipateni betri, ifungulieni jioni. Siku maji yatakapokuja, huenda hiyo ndiyo sauti itakayosikika.